Kila Apitaye Ngazini ni Fundi

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, kaa chini ya ngazi na kitu kibovu mkononi. Hata kijiko kinatosha. Mimi nakaa Kikwajuni, mjini Zanzibar, kwenye maghorofa yale waliyotujengea Wajerumani wa Mashariki, na ghorofa, kwa asiyewahi kukaa, ni watu wengi na ngazi moja. Anayekwenda sokoni atapita. Anayetoka msikitini atapita. Aliyegombana na mkewe atapita, tena huyo ndiye atakayesimama, maana hana haraka ya kufika kokote.

Na miye chini ya ngazi nina mashine ya kukatia majani. Si hizi za petroli zinazonguruma hotelini asubuhi. Ya kusukuma, ya Muingereza. Ina silinda ya visu vitano vilivyojisokota, chini yake kisu kimoja kimelala hakiendi popote, nyuma rola ya chuma, mbele rola ya mti. Ukisukuma, rola ya nyuma inazungusha gia, gia inazungusha silinda, jani linabanwa baina ya kisu kinachopita na kisu kilicholala, kwishnei. Hakuna petroli, hakuna plagi, hakuna kungoja umeme urudi.

Niliikuta juu ya gari la kijana wa vyuma chakavu, imelala na fremu ya Vespa na sufuria za pilau zilizotoboka. Nikauliza bei. Akasema kila kitu kwake ni kwa kilo. Akaitia kwenye mizani na udongo wake, na mizizi yake, na sisimizi ndani. Nikamwambia, mwanangu, hebu kung'uta kwanza. Akanijibu, "Mzee, na mimi nilikoitoa niliuziwa na udongo." Kwa hiyo hivi sasa mimi ni mtu niliyenunua ardhi Mjini kwa kilo, na hati sijapewa.

Mke wangu aliitazama, akanitazama.

"Baba Salma, majani yako wapi?"

"Si kuna ule uwanja baina ya majengo."

"Ule wa mbuzi?"

"Ule ule."

Akaingia ndani. Wanawake wa hapa hawagombi siku hizi, wanaingia ndani tu, nawe unabaki na jibu lako mkononi.

Haya. Silinda haizunguki. Hewa yetu yenyewe ina chumvi. Chuma ukikisahau nje masika mbili, kinakuwa kitu kimoja na jirani yake. Nikaanza kugonga polepole, na hapo ndipo ngazi ilipofunguka. Wa kwanza akasema tia mafuta ya breki. Wa pili akasema usithubutu kutia mafuta ya breki, tia mafuta ya taa. Wakabishana, wakakumbushana deni la mwaka juzi, wakasuluhishana, wakaondoka wameshikana mikono kwenda kunywa kahawa. Silinda palepale. Wa tatu hakusimama hata, alisema akiwa anapanda, "Iuze kwa kilo." Na mtoto wa chekechea, kikaptula chenyewe kinamvuka, akaniamkia vizuri, shikamoo babu, kisha akaniuliza kwa nini nisinunue mpya.

Nikaamua kuacha nyundo nitumie ukali wa jikoni. Kutu inaogopa siki. Nikavifungua vidude vidogo vilivyokubali kufunguka, nikavilaza kwenye ndoo ya siki usiku kucha. Asubuhi jengo zima linanukia, na Bi Time wa ghorofa ya pili kateremka na kibakuli, kasikia kwetu kuna achari. Siki ilipokwisha nikakumbuka bibi zetu walisugulia masinia ya shaba kwa ukwaju. Ukali ni ukali. Nikachukua fundo la ukwaju kabatini, na sitasema ulikuwa umewekewa mwezi gani na kazi gani, maana mke wangu keshalisema hilo kwa majirani wote, kwa sauti, dirisha wazi. Lakini nyie, kutu ilitoka! Ilitoka mpaka chini ya matope na rangi tatu za watu tofauti ikajitokeza rangi ya kijani, na ndani ya chuma herufi zimekaa wima: RANSOMES. Nikasugua tena. IPSWICH. Nikasugua tena. ENGLAND. Hapo hata yule wa kuuza kwa kilo alishuka vidato viwili kuja kusoma.

Sasa nati. Namba 13 haiingii, namba 14 inapwaya. Nikaenda Darajani kwa wauza vipuri nikaomba spana ya kumi na tatu na kidogo. Kijana akaniuliza kwa heshima kabisa kama nimeshakunywa dawa zangu leo. Kumbe Waingereza wa zamani walikuwa na vipimo vyao. Bwana mmoja Joseph Whitworth, mwaka 1841, alipanga bolti na nati zifuate mtindo mmoja, kwa inchi, meno yake pembe ya digrii 55. Na spana yake haisomwi kwa upana wa mdomo, inasomwa kwa unene wa bolti. Imeandikwa robo inchi, na mdomo wake umezidi nusu inchi. Ukisikia watu wametawala nusu ya dunia, ujue walianza kwa kuichanganya.

Spana hiyo Kikwajuni nzima anayo mtu mmoja, Mzee Haji wa ghorofa ya chini, aliyekuwa fundi wa magari ya Kiingereza zamani hizo. Anaiweka kwenye kopo la biskuti, imefungwa kitambaa.

"Nitakuazima," alisema. "Lakini inatoka na mimi."

Akaja na kiti chake. Akaja na thamosi yake. Akaja na redio. Nati ilifunguka kwa dakika moja, Mzee Haji hakuondoka mpaka magharibi, na kesho yake kabla sijateremka keshafika, kiti kipo, ananiuliza kwa nini nimechelewa kazini. Jamani, mimi nimestaafu! Nimeamka zaidi ya miaka thelathini kwa ajili ya mabosi, nimetoka, nimeajiriwa upya chini ya ngazi yangu mwenyewe, bila mshahara.

Rola ya mbele, ya mti, mchwa walikuwa wameimaliza wakaacha vyuma vya pembeni. Nikampelekea fundi wa kukereza, anayechonga miguu ya samadari. Nikamwambia nataka mviringo, imenyooka, laini, bila mapambo.

"Bila mapambo?" akasema. "Unampelekea adui?"

Nikamweleza kwamba rola hiyo ndiyo inayoamua jani likatwe kimo gani, ikiwa na tumbo tu basi majani yatatoka na vipara. Akaitikia kila neno. Siku ya kuichukua nikakabidhiwa rola ya mfenesi, imepigwa vanishi inang'aa, ina bangili tatu kila upande, na katikati ina tumbo la mguu wa kitanda cha bibi harusi. Nikarudisha. Tumbo alilitoa kwa uchungu wa mtu anayetolewa jino, akanitoza na gharama ya kutoa, lakini bangili alikataa kata kata. Alisema kazi isiyo na bangili watu watajua si yake. Mimi niliona hiyo ndiyo ingekuwa heri yake, ila sikusema, maana mlango wangu wa chumbani nao uko kwake.

Kunoa ndiko kulikonifurahisha, na ndiko nilikosumbuliwa kuliko kote. Huchukui tupa tu ukakwangua. Unapaka visu ile dawa nzito yenye mchanga wanayosagia valvu mafundi wa magari, kisha unaizungusha silinda kinyumenyume, visu vinasagana na kisu cha chini mpaka kila kimoja kinapata makali ya kumfaa mwenziwe. Halafu unaosha, unakaza skrubu za pembeni kidogo kidogo, kulia na kushoto, unaingiza ukanda wa gazeti, unazungusha kwa mkono. Ukikatika sawasawa kuanzia mwanzo wa kisu hadi mwisho, umefika. Ukikatika upande mmoja na upande wa pili ukatafunwa, rudi kwenye skrubu. Nililikata gazeti la Mzee Haji vipande vipande. Akawa anaviokota, anavipanga mapajani, anasoma matokeo ya mpira kwa mistari. "Simba na nani?" ananiuliza. Nami ndiyo kwanza nimeikata timu ya pili.

Kwa wakati huo ngazini ilikuwa baraza kamili. Kahawa inauzwa. Wapo waliodai kisu kimekaa juu chini. Mmoja aliyewahi kukaa Muscat akasema huko mashine hizi zinajiendesha zenyewe, hazina hata mtu, na akanitazama mimi kama ndiye ninayezichelewesha za huku.

Usiku, simu mkononi, nikasoma habari za aliyeibuni. Edwin Budding, fundi wa huko Stroud, Uingereza, penye viwanda vya nguo za sufu. Kiwandani kulikuwa na mashine ya silinda ya visu inayonyoa manyoya ya kitambaa kikawa laini, naye akawaza, kama inanyoa nguo itashindwaje kunyoa ardhi? Mwaka 1830 akapata hataza yake, yaani hati ya haki ya ubunifu, na miaka miwili baadaye hao Ransomes wa Ipswich wakaanza kuziunda kwa ruhusa. Lakini kilichoniamsha kitandani nikakaa ni hiki: husimuliwa kwamba bwana yule alikuwa akiijaribu mashine yake usiku, majirani wasimuone. Ya Rabi! Mtu kaishi karibu miaka mia mbili nyuma, hajakanyaga Kikwajuni, na amenielewa kuliko mke wangu.

Nikangoja watu walale. Na umeme nao ukakatika. Nikasema Mungu si Athumani. Nikaitoa taratibu mpaka uwanjani. Ukoka wenyewe umeshakuwa mfupi kwa hisani ya mbuzi, na ndivyo mashine hii inavyotaka, jani refu linalala chini halikatwi. Nikasukuma.

Kumbe ina sauti. Mchana, na kelele za ngazi, sikuisikia vizuri. Usiku wa kiza, baina ya kuta nne za zege, ilikuwa krrra-ta-ta-ta, inagonga ukuta huu inarudi na ule. Paka wakatawanyika. Dirisha likafunguka ghorofa ya tatu.

"Nani huyo?"

Nikanyamaza, kama Budding. Nikasubiri, nikasukuma tena taratibu. Krrra.

"Mchawi! Kuna mwanga uwanjani, anatafuna kitu!"

"Si mwanga," ikasema sauti nyengine, ya mtu mzima aliyeyaona ya 1995, lile jini la usiku lilipotutia hofu, "Popobawa huyo, karudi!"

Tochi za simu. Watoto wanalia. Mtu anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti kubwa, mwengine anauliza mlango wa chini umefungwa na nani. Mimi nimesimama na mpini mkononi, natafuta njia ya kurudi ngazini kwa heshima, ndipo ghorofa ya chini ikasikika sauti ya kizee, tulivu, haina wasiwasi hata chembe:

"Kaza ya kushoto! Kisu hakigusi upande huo!"

Tochi zote zikanigeukia.

Asubuhi sheha akaniita. Nilijiandaa kwa faini, kwa nasaha, kwa vyote viwili. Akanichukua mpaka uwanjani, akautazama ule mkanda niliokata: safi, sawa, na ndani yake mistari sita ya bangili za fundi wa vitanda imekwenda sambamba. Watu wamejazana wanaupita kwa kuuruka. Bi Time kavua viatu kwanza.

Sikupewa faini. Palitokea mwenye mbuzi, kaja na malalamiko rasmi kwamba nimewakatia wanyama wake riziki bila ya taarifa. Sheha akafikiri, akatoa hukumu ya Kiislamu na ya kiserikali kwa pamoja: uwanja nikate, kila wiki, na majani yote niyakusanye nimpelekee mbuzi. Kwa hiyo sasa mimi nakata, nazoa, napeleka. Na mbuzi wale nikichelewa wanalia mpaka ghorofa ya tatu, na huko dirishani, walionita mwanga, wanachungulia wananiambia, "Mzee, mnyama ana haki yake bwana, usimtese."