Jinsi ya Kuvaa Jinsi

Juzi nimepewa fomu nijaze. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Halafu nikakuta "Jinsi", nami bila kufikiri nikaandika: "Bluu, imepauka magotini." Karani akanitazama kama mtu aliyemwona mbuzi juu ya mnazi.

Sasa kosa langu liko wapi? Suruali ndiyo iliyokuja kukalia kiti cha mwenziwe. Jinsi ya kwenye fomu ina nasaba yake: Waswahili tumeitoa kwa Waarabu, jins, na asili yake huko nyuma ni genos ya Wagiriki. Hii ya kiunoni tumeipata kwa Waingereza, nao wameitoa kwenye jina la Genoa, mji wa bandari kule Italia uliosifika kwa kitambaa kigumu cha pamba. Yaani nimevaa jina la mji. Mji mzima, na bado zipu haifungi! Lebo inasema 36. Tumbo linajua ni 38. Wengine huandika "jinzi" kuepusha shari. Wana akili hao.

Lakini dukuduku langu hasa ni hili: suruali hii ilibuniwa isichanike. Kwenye miaka ya 1870 huko Reno, Nevada, mke wa mkata kuni alimwendea fundi cherehani Jacob Davis, kwamba mumewe anamaliza suruali, ashonewe moja ya kudumu. (Unaona? Hata jinsi imeanza na mke kuchoshwa na mume.) Fundi akakaza pembe za mifuko kwa ribiti za shaba. Wateja wakafurika. Akamwandikia aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, na tarehe 20 Mei 1873 wakapata hataza, yaani haki ya kuutengeneza ubunifu huo peke yao.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, kijana wangu kaingia na jinsi mpya, magoti yote nje.

"Umeangukia wapi, mwanangu?"

"Sijaanguka, baba. Ndivyo inavyouzwa."

Nikaikagua. Ribiti zote zipo, zimelinda mifuko isiyo na hata senti, magoti yameachwa yatima! Na pale penye mfuko kuna kamfuko kengine, kadogo, kalikowekwa kwa ajili ya saa za mnyororo. Mimi sarafu yangu iliingia humo tangu mwaka jana. Tunasalimiana tu.

Na rangi je? Wanaojua wanasema nili, ile rangi ya bluu ya jinsi, haizami ndani ya uzi, hung'ang'ania juujuu, ndiyo maana jinsi hupauka. Juujuu kwangu mimi! Kwenye kochi jeupe la shemeji ilizama mpaka kwenye sponji, na shemeji mpaka leo ananiita "bwana bluu".

Basi karani akanipa fomu nyingine, akanielekeza kwa kidole: "Mzee, hapa andika Me au Ke." Nikaandika Me, kwa adabu kabisa. Mstari uliofuata ulisema "Ukubwa wa kaya".

Nikajikuta nimeshaandika 38.