Huku bibi anazomea, kwetu tunaulizwa tumetumwa na nani

Kipindi kile mwanamieleka Dominik Mysterio alipokuwa anachukiwa kuliko mtu yeyote kwenye Raw, onyesho la mieleka la kampuni ya WWE, onyesho lilipita huku Marekani ninakoishi, Ohio, nami nikakata tiketi. Kiti cha kushoto kwangu alikaa bibi mmoja wa Kizungu, mvi tupu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, ndoo ya bisi mapajani. Dominik akapanda ulingoni, akashika maikrofoni, akafungua mdomo. Bibi akaweka ndoo chini taratibu isimwagike, akakinga viganja pembeni mwa mdomo, akazomea. Ukumbi mzima ukazomea. Kijana akaanza sentensi, akaacha, akaanza tena, halikusikika hata neno moja. Kulipotulia bibi akaokota bisi zake akaendelea kula. Hakuna aliyemgeukia. Hakuna aliyemwambia, "Mama, na umri huo?"

Tangu hapo, kila Jumatatu usiku nikikaa kutazama Raw, siwatazami wapiganaji peke yao. Nawatazama watu waliokaa vitini. Na nikiwatazama wao nawaza kwetu Tanzania, roho inaniuma.

Kabla hamjaniambia kwamba mieleka hii ni maigizo: najua. Kazini hapa naambiwa kila wiki na watu ambao hawajawahi kutazama hata dakika kumi. Mshindi amepangwa, kuanguka kumefanyiwa mazoezi, adui anajua nani atampiga kiti na saa ngapi. Kisichoandikwa popote ni ukumbi. Ukumbi ukikataa, waliopanga wanarudi mezani kupanga upya, na hili nimeliona likitokea mchana kweupe.

Januari 27, 2024, Cody Rhodes alishinda Royal Rumble mwaka wa pili mfululizo, na anayeshinda Royal Rumble ndiye anayekwenda kugombea mkanda wa ubingwa WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote ya mwaka. Kila shabiki alishajua anachosubiri: Cody na bingwa Roman Reigns, raundi ya pili, maana mwaka uliotangulia Cody alipigwa. Wiki haijaisha, Ijumaa ya Februari 2, Cody kasimama SmackDown, onyesho lao la Ijumaa, anamwambia Roman kwamba atamfuata, ila si WrestleMania. Muziki ukapigwa, akatoka The Rock. Yaani aliyevuja jasho mwaka mzima ampishe mkubwa. Na The Rock wakati huo hakuwa staa wa sinema tu, mwezi uleule wa Januari alikuwa ameingia kwenye bodi ya TKO, kampuni inayomiliki WWE.

Mashabiki wakasema hapana. Walisema mitandaoni, walisema kumbini, waliimba jina la Cody hadi watangazaji hawakuweza kujifanya hawasikii. Februari 8, Las Vegas, Cody akarudishiwa nafasi yake na The Rock akageuzwa adui. Aprili 7, Philadelphia, Roman akapoteza mkanda alioushika siku 1,316.

Mjumbe wa bodi alizomewa, akarudi nyuma. Sasa nitajieni mara moja tu, kwetu, ambapo nafasi ya mwenye haki ilipewa mtu wa wakubwa, waliokaa kwenye viti vya plastiki wakasema hatutaki, na nafasi ikarudi.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, na mieleka nimeijulia kwenye kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, mlango umezibwa kwa gunia, televisheni ndogo juu ya kabati, mikanda ya video iliyokopiwa na kukopiwa tena hadi Hulk Hogan alikuwa na rangi ya kijani. Kelele zetu zilisikika mtaa wa pili. Tulimwonya steringi, "Geuka nyuma! Ana kiti!" Tulimtukana refa. Hakuna ukumbi wa Marekani unaotuzidi kwa kelele, na hilo nalisema kwa kiburi kabisa. Hawa wa huku wanaimba kwa pamoja maneno yaleyale wiki hadi wiki. Sisi kila mtu alikuwa na lake, na pambano likiisha tulibishana njia nzima hadi nyumbani.

Lakini kuna jambo lilikuwa likitokea pale kibandani. Pambano kubwa likikaribia, Undertaker anatembea kuelekea ulingoni, mwenye kibanda alikuwa anasimamisha mkanda. Anawasha taa, anapita na kopo la maziwa ya unga. "Ongezeni hamsini, hili la mwisho lina bei yake." Tulikuwa tumeshalipa kiingilio mlangoni, na tukalipa tena. Siku moja mvulana mmoja akasema, "Si tumeshalipa, bwana?" Hakutolewa na mwenye kibanda. Tulimtoa sisi. Watu wa benchi lake walimsukuma hadi nje ya gunia, "Usituharibie, toka!" Kisha taa ikazimwa, tukaanza kumzomea adui wa kwenye kioo kwa nguvu zetu zote.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema. Sauti tunayo, na tunaielekeza kwa mtu aliye kwenye kioo, ambaye hatusikii. Aliyesimama mbele yetu na kopo tunampa hamsini.

Mtasema nimekula mkate wa Wazungu mara mbili tatu nimeanza kuwaona washamba. Nimeshaambiwa. Binamu yangu aliniandikia kwenye kundi la familia, "Kaka, siku hizi unaongea kama umezaliwa huko." Mdogo wangu, mimi bado nalipa ada za watoto wa kwetu, bado nachangia misiba, na nikikosa dagaa wiki mbili siko sawa. Ninayesema haya ni mtu wa hukohuko.

Wengine mtasema: mbona mashabiki wa Simba na Yanga wanazomea, na makocha wanafungashwa virago? Kweli, na ndiyo maana naamini tunaweza. Mpira ndio mahali pekee ambapo mtu wa kwetu anadai bila kuogopa. Toka nje ya uwanja uone. Kikao cha wazazi shuleni, mchango umepanda, kimya. Mahafali yameandikwa saa nne, mgeni rasmi anafika saa nane, watoto wameshazimia kwa jua, na mshereheshaji anasema, "Makofi kwa mgeni wetu!" Na tunapiga. Na akina mama wanapiga vigelegele. Akitokea mmoja akasema, "Mheshimiwa, tumekusubiri kwa saa nne nzima juani," swali la kwanza atakaloulizwa si kama anasema kweli. Ataulizwa, "Wewe umetumwa na nani?"

Na nani! Mtu hawezi kuwa na njaa yake mwenyewe, jua lake mwenyewe, ada aliyoilipa mwenyewe? Kwetu kila lalamiko lazima liwe na mfadhili.

Matokeo yake tumebaki na vitu viwili: makofi na chupa. Tunapiga makofi, tunapiga makofi, tunavumilia, halafu siku moja msanii anapanda jukwaani usiku wa manane anafuatiza CD, chupa zinaruka, viti vinavunjwa, polisi wanakuja. Katikati ya makofi na chupa hatuna kitu. Yule bibi wa Ohio anacho. Anazomea, anakula bisi zake, anarudi nyumbani, na Jumatatu ijayo yuko palepale. Hamchukii Dominik, wala Dominik hamchukii yeye. Januari 2014 pale Pittsburgh nilisikia ukumbi ukimzomea Rey Mysterio, Rey huyu anayependwa na watoto dunia nzima, kwa sababu tu alitokea namba 30 kwenye Royal Rumble na wao walikuwa wanamsubiri Daniel Bryan. Rey hakukosa chochote. Ujumbe ulikwenda kwa wenye onyesho, nao ukafika: Aprili mwaka huohuo Bryan aliondoka New Orleans na mkanda.

Na asiyeamini kwamba watazamaji wana thamani aikumbuke korona. Kuanzia Machi 2020 WWE ilipigana mbele ya viti vitupu, kule Orlando. Nilitazama. Mtu anarushwa, unasikia mbao za ulingo, halafu hakuna kitu. Adui anatamba, hakuna anayemjibu. Ilikuwa ngumu kuvumilia hata kwa sisi tunaopenda. Ilipofika Agosti walijenga ukuta wa skrini, wakaweka nyuso za mashabiki waliokaa majumbani kwao, wakabandika kelele za kutengeneza. Kampuni ya mabilioni ikaingia gharama kutengeneza zomeazomea bandia, kwa sababu bila kuzomewa haina biashara. Sisi tunazo za bure na tunaambiana tunyamaze.

Haya, niwageukie na hawa wa huku, maana sitaki mtu adhani nimelewa Marekani.

Kuzomea kwao kunaishia mlangoni mwa ukumbi. Ghalani ninakofanya kazi, msimamizi alitangaza kwamba Jumamosi zote za mwezi ni lazima, na watu walewale wanaovaa fulana za Stone Cold Steve Austin, aliyepata umaarufu kwa kumpiga bosi wake kwenye televisheni, wakaitikia "sawa" na kurudi kwenye maboksi. Nilisubiri hata mmoja agune.

Na kuna wakati walimzomea asiyestahili. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na Kamala, waliyemtangaza kuwa jitu kutoka Uganda. Uso umepakwa rangi, nyota na mwezi tumboni, miguu peku, mkuki mkononi, haongei, ana mtu wa kumwongoza. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, Marekani. Kumbi nzima zilimzomea, na waliyemzomea hasa ni sisi. Hata baadaye, mwaka 2021, walimchukua Apollo Crews, kijana wa California mwenye wazazi Wanigeria, wakampa lafudhi ya kuigiza na walinzi wenye mikuki. Sikusikia ukumbi ukisema hapana kwa nguvu ile ya kumtetea Cody. Wana sikio kwa mambo yao.

Pale kibandani Ngamiani, Kamala tulimshangilia. Alikuwa jirani yetu! Watu walibishana kama ni Muganda, Mnyankole au Mwacholi, na mzee mmoja aliapa amewahi kumwona Bukoba. Vita vya Idi Amin havikuwa vimesahaulika, na bado tulimtakia ushindi mtu wa Uganda dhidi ya Hogan. Hilo nalipenda kwetu hadi leo.

Ndiyo maana Aprili 7, 2019 sikulala. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, mtu ambaye alipoingia WWE mwaka 2008 walimtangaza kuwa Mjamaika, alimpiga Daniel Bryan akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Na hakuwa amepangiwa. Aliingia kwenye mipango Februari ile kuziba nafasi ya Mustafa Ali aliyeumia, akapigana zaidi ya saa nzima usiku mmoja, na watu wakakataa kumwachia ashuke. Kelele zilimpandisha. Oktoba wakamtoa kwa Brock Lesnar ndani ya sekunde chache, na nilikasirika hadi nikamzimia mwenzangu simu aliyenipigia kunituliza. Lakini miezi ile sita ilitoka kwenye midomo ya watu.

Mjomba wangu anasema kuzomea si mila zetu, sisi tunaheshimu wakubwa. Shikamoo mjomba, na heshima yako ipo palepale. Ila uliwahi kunichukua wewe mwenyewe uwanja wa Mkwakwani, na uliyomwambia mshika kibendera siku ile siwezi kuyaandika hapa.

Kuna vijana Uganda, pale Mukono, wanajiita SGW, yaani Soft Ground Wrestling, nao wanacheza mieleka. Ulingo wao ni wa udongo, nguzo za mianzi, wanarukiana kwenye matope, na video zao zimefika hadi kwa wenye mieleka huku. Mimi kwenye video zile natazama duara la watu: watoto, akina mama na watu wa bodaboda wamezunguka, wanashangilia, wanaguna, wanamzomea adui aliye hatua tatu mbele yao na anawasikia, anawajibu. Nikija likizo nitapanda basi la kwenda huko, na mjomba akitaka tiketi yake nalipa mimi. Refa akiboronga tutazomea wote wawili.