Fungueni Dirisha, Jamani!

Mwili wa binadamu una ukaidi wake. Siku zote pua yangu imetulia, hata kusahau nasahau kama ninayo. Itangazwe tu kwamba kuna ugonjwa wa mlipuko na watu wasijiguse uso, basi! Pua inawasha. Jicho linawasha. Hata pembe ya mdomo, ambayo haijawahi kudai chochote tangu nizaliwe, nayo inataka kukunwa. Na inawasha saa ngapi? Nikiwa nimetoka tu kushika kitasa cha choo cha umma.

Kunawa nanawa. Sekunde 20 wamesema, nami sibishi, maana kirusi cha korona kimejifunika utando wa mafuta, na sabuni haina simile na mafuta. Utando ukipasuka, kirusi kimekwisha. Kinachonikera ni yule tunayepangana naye bombani. Analowesha ncha za vidole, anakung'uta, maji yananirukia mimi, kisha ananitazama kama nimemchelewesha. Huyo huyo mfukoni ana chupa ya kitakasa mikono inayonukia maua. Soma kibandiko: kilevi hakifiki hata asilimia 60 inayotakiwa. Mtu anajipaka manukato, anasema amejikinga!

Barakoa ndiyo usiseme. Yupo anayeivaa kidevuni, utadhani kirusi huingilia kwenye ndevu. Yupo anayeziba mdomo, pua anaiacha nje ipunge upepo. Bingwa wao ameivaa vizuri kabisa, lakini akitaka kupiga chafya anaivua kwanza, asije akaichafua! Akishaturushia, anairudisha, mstaarabu. Ukimsemesha: "Kwani mimi naumwa?" Ndugu yangu, korona mtu aliweza kuiambukiza hata siku mbili kabla hajaona dalili yoyote.

Lakini ugomvi wangu hasa ni dirisha. Watu walifuta meza, wakafuta simu, wakafuta mpaka mifuko ya kutoka dukani. Wakapuliza dawa, wakafuta tena. Halafu wakajazana chumba kimoja, madirisha yamefungwa yote, wakakaa kikao kirefu cha kujadili namna ya kujikinga! Na kirusi chenyewe kinasafiri kwenye pumzi za wanaoongea, kinaelea hewani, chumba kilichofungwa ndiyo raha yake. Sasa jaribu kufungua dirisha kidogo tu, uone. "Vumbi hilo!" "Karatasi zangu!" "Mimi upepo unaniletea mafua!" Eti upepo. Mafua yenyewe yamekaa kiti cha pili kutoka kwake, yanakohoa.

Yakimpata, anameza antibiotiki alizobakiza mwaka jana. Dawa za bakteria hizo, baba! Na kirusi zinapishana tu mlangoni, wala hazijuani.

Wakubwa nao walituchanganya, tusifichane. Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema mzima hana haja ya barakoa. Ilipofika Juni, likabadilisha ushauri, vaeni penye msongamano. Ujuzi uliongezeka, naelewa. Lakini mweleze hilo mtu ambaye tayari alikuwa anatafuta sababu ya kutoivaa.

Tena wanasema kinga ya mwili inataka usingizi, mtu mzima alale walau saa 7. Nani alale? Kundi la ukoo kwenye simu halizimi. Saa nane ya usiku Shangazi anatuma ujumbe wa sauti: bana pumzi sekunde 10, usipokohoa huna korona, msambazie kila umpendaye. Nikaandika kwa adabu zote, "Shikamoo Shangazi, kipimo hicho si cha kweli, wapo wagonjwa wanaobana pumzi bila shida." Nikajibiwa kwamba kusoma kumeniharibu.

Mjomba, mvuta sigara wa miaka mingi, alijipima usiku ule ule. Alikohoa kabla ya sekunde ya tatu. Akajifungia chumbani siku 14, chakula analetewa mlangoni, hakuna wa kumtuma, hakuna wa kumdai. Alitoka mzima, amenawiri, shavu limejaa. Siku hizi zamu yake ya kufagia uwanja ikikaribia tu, anajipima pumzi.