Nilivyoitwanga chai ya mwaka 2003

Mimi ni mtoto wa Mufindi. Mama alichuma chai, baba aliendesha trekta la kupeleka majani kiwandani. Kwa hiyo baba mwenye nyumba wangu hapa Guangzhou, China, aliponizawadia keki ya chai, nilijua leo wamekuja kwenye fani yangu.

Ilikuwa pu'er, chai ya jimbo la Yunnan inayowekwa izeeke, imetiwa mvuke na kushindiliwa ikawa duara kama chapati nene, gramu 357, ndani ya karatasi iliyokwisha kupauka. Mzee aliinunua mwaka 2003, mwaka aliozaliwa binti yake, akaiweka kabatini izeeke yenyewe. Si zile zinazorundikwa na kuloweshwa zichachuke chapuchapu, mtindo ulioanza Kunming, mji wa hukohuko Yunnan, miaka ya 1970. Hii imekaa miaka 20 na ushei. Akanipa na kijichuma chembamba chenye ncha. Nikaona ni cha kushonea magunia, nikakitupia kwenye droo.

Jumapili nikawaalika yeye na mkewe. Keki ikagoma kuvunjika. Nikaikunja gotini, wapi. Nikaibana mlangoni, mlango ndio ukalia. Basi nikatoa kinu changu cha kitunguu saumu. Ilipoanza kumeguka nikaona ndani majani marefu, mazima, na vikonyo vyake. Nikawahurumia: hawa hawakumaliza kazi! Kwetu jani hukatwa, likachanwa, likasokotwa na mashine mpaka liwe punje, ndiyo maana kijiko kimoja kinaitosha birika nzima. Nikawamalizia kazi yao. Nilitwanga robo tatu ya keki, mpaka jirani wa chini akaanza kugonga dari.

Nilishamwona mzee akiandaa. Anapima gramu 7, anatia kwenye kibakuli chenye kifuniko kinachochukua kama mililita 110, anamwagia maji yanayotokota, yale ya kwanza anayamwaga, ya pili anahesabu sekunde 10 tu na kumimina. Mimi hayo ya kumwaga nikayaruka. Kwa mama yangu ukimwaga chai unaulizwa kama umeshaajiriwa. Nikatia vijiko vitatu vya unga, maji, nikafunika dakika 5 ili iive.

Sasa kumimina. Kibakuli kile hakina mdomo. Unasogeza kifuniko kidogo, maji yanapita kwenye ufa, majani yanabaki. Majani, nimesema. Unga wangu nusu ulipita, nusu ukaziba ufa kama takataka za mfereji siku ya mvua, na maji ya moto yakajitafutia njia nyingine, yaani vidole vyangu. Sikulia. Nilisema "karibuni sana" kwa sauti nyembamba kuliko ya kawaida.

Kilichotoka kilifanana na oili chafu ya lori. Nikajaza vikombe pomoni, wageni wasije wakasema nina mkono wa birika. Mzee akanywa, uso ukajikunja na kujikunjua, kisha akagonga meza kwa vidole viwili. Kumbe ana haraka! Nikamwongezea. Akagonga tena. Mkewe naye akagonga. Nikaongeza huku na huku, moyoni nikisema chai ya Mufindi hiyo.

Binti yao alipokuja kuwaita ndipo mambo yalipofafanuliwa, kupitia simu yake inayotafsiri. Kugonga vile, kwa watu wa Guangdong, jimbo lenye Guangzhou yetu hii, ni kushukuru ukimiminiwa. Na kujaza kikombe mpaka ukingoni ni kumwambia mgeni aondoke. Kwa hiyo kwa karibu nusu saa nilikuwa nawafukuza, wao wananishukuru, nawafukuza tena.

Binti akachungulia kinuni, akamwona hirimu yake alivyogeuka vumbi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaichukua robo iliyosalia, akaomba kile kijichuma cha magunia, akakipenyeza ubavuni na kunyanyua. Majani yakabanduka tabaka kwa tabaka, mazima. Akamwaga maji ya kwanza, akahesabu 10, ikatoka chai ya rangi ya asali, laini, yenye utamu unaobaki kooni. Keki ileile! Jani zima hufunguka kidogokidogo na kutoa kwa awamu. Tulifika mimino ya nane bado linatoa. Unga hutapika vyote kwa mpigo, na uchungu ndio unaotangulia.

Saa tisa usiku nilikuwa macho kama bundi. Nikachungulia dirishani: na kwa mzee taa inawaka.

Unga uliobaki sikuutupa. Asubuhi niliuchemsha sufuriani na maziwa, tangawizi, iliki na sukari ya kutosha, nikampandishia mzee kwenye chupa. Akanywa. Akagonga meza kwa vidole viwili. Safari hii nikatulia tuli, nimeshafundishwa. Akagonga tena. Nikainamisha kichwa kwa adabu. Akagonga mara ya tatu, akakisukuma kikombe mpaka kikanigusa mkono.

Nikamjazia pomoni.