Kijana wa IT Si Mkurugenzi wa Kampuni

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha bodi ya kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, jina naliacha, mimi nilikuwa nimeitwa kwa mambo ya mahesabu tu. Ajenda zilikuwa 11 na ripoti ya IT ilikuwa namba 10, baada ya paa la godauni na kabla ya "mengineyo". Kijana akaingia na karatasi zake mbili, anaomba 380,000 za kuweka bakapu, yaani nakala za akiba za data, nje ya ofisi na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwa imeli zote, yaani ukiingia unaletewa namba kwa simu. Mwenye kampuni alimsikiliza huku anasaini vocha, alipomaliza akamwambia, "Hii kampuni nimeianzisha mimi na lori moja bovu, leo niombwe namba ili niingie kwenye imeli yangu mwenyewe?" Watu wakacheka, chai ikaletwa, ajenda imekwisha, hazikufika dakika saba.

Miezi mitano baadaye mtu akaingia kwenye imeli ya huyo huyo mzee, akakaa humo kimya anasoma, na siku ya kumlipa sapulaya ilipofika akamwandikia mhasibu kutoka imeli ya kweli ya bosi kwamba akaunti imebadilika, tumia hii. Mhasibu akatuma. Pesa zikaenda na hazikurudi, lakini cha kuniuma zaidi si pesa, ni kwamba kwenye ile imeli kulikuwa na kopi za vitambulisho vya madereva wote, namba zao za KRA, yaani za kodi, vyeti vya hospitali vya waliowahi kuugua, na hao madereva mpaka leo sidhani kama kuna aliyewaambia. Aliyefukuzwa kazi ni kijana wa IT.

Ndiyo maana huu mjadala wa wakurugenzi kubebeshwa wenyewe lawama ya data na usalama wa mitandao siwezi kuuandika kama refa. Lakini wanaopinga wana hoja na nitazisema kwanza, maana si za kijinga.

Wanasema mkurugenzi wa bodi anakuja mara nne kwa mwaka, analipwa posho ya kikao, hajui seva ikoje, sasa utamfungaje kwa kosa la mtu aliyebonyeza linki huko chini. Wanasema hata serikali yenyewe ilishindwa, na kweli, Julai 2023 mfumo wa eCitizen uliokuwa na huduma za serikali zaidi ya 5,000 ulilemewa na wadukuzi waliojiita Anonymous Sudan, watu wakakwama pasipoti na leseni na viza. Na mwanzoni mwa 2025 daftari la usajili wa makampuni Kenya lenyewe lilivamiwa, yaani sehemu ambayo wakurugenzi wanaandikishwa kwa lazima na taarifa zao binafsi, kwa hiyo mkurugenzi anauliza, nyinyi mlioshindwa kulinda zangu ndio mnataka kunihukumu mimi? Hapo hata mimi nacheka. Halafu kuna hoja ya duka dogo, mke na mume wamesajili kampuni pale Kongowea, Mombasa, wanauza mitumba kwa jumla, wote wawili ni wakurugenzi kwenye karatasi, utawadai sera ya usalama wa mitandao? Na iliyo nzito kuliko zote: ukimtisha mtu sana atakuwa mficha mambo.

Sawa. Sasa tuangalie sheria inasema nini hasa, maana wengi wanaopiga kelele wanadhani sheria inamtaka mkurugenzi asidukuliwe kamwe, na hakuna kitu kama hicho.

Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 kifungu cha 145 inamtaka mkurugenzi atumie uangalifu, ujuzi na bidii ya mtu wa kawaida mwenye bidii aliyeshika nafasi kama yake, na kama yeye binafsi ana ujuzi zaidi basi anapimwa kwa huo zaidi. Ukisoma vizuri maana yake ni kwamba kutojua si kinga, kwa sababu mtu mwenye bidii angeuliza. Linganisha na Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo kampuni ikikosea inamfuata pia ofisa wa kampuni aliyeruhusu kosa kwa kujua na kwa makusudi. Faini yenyewe kwa kampuni mahakamani inaweza kufika shilingi bilioni 5 za Tanzania, si mchezo, lakini hilo neno "kwa kujua" linanisumbua sana. Ukiwa bosi mjanja si utahakikisha tu hujui? Unaambia watu ripoti za IT ziishie kwa meneja, wewe usiletewe, na siku ya siku unasimama na uso wa mshangao. Ndiyo maana naona kile kifungu cha 145 kina thamani kuliko vitisho vingi vya jela, kinamnyima bosi huo uso wa mshangao.

Na hapa kuna kitu ambacho sijaona watu wakikijadili kama kinavyostahili, neno moja tu kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Faini ya kiutawala ya kamishna wa data, yule anayesimamia hiyo sheria, ni mpaka shilingi milioni 5, au kwa kampuni mpaka asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, ipi iliyo NDOGO. Ndogo! Ulaya kwenye GDPR, sheria yao ya data, makosa makubwa ni mpaka yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, ipi iliyo kubwa. Sisi tumechukua muundo uleule tukageuza neno moja, na sielewi ni nani aliyekaa mezani siku hiyo.

Hebu piga hesabu na mimi. Kampuni yenye mauzo ya milioni 40 kwa mwaka, asilimia 1 ni 400,000, hiyo ndiyo dari yake, yaani shilingi 10 kwa kila 1,000 aliyouza. Sasa chukua kampuni yenye mauzo ya bilioni 10, asilimia 1 ingekuwa milioni 100 lakini sheria inasema ndogo, kwa hiyo dari yake ni milioni 5, ambayo ni senti 50 kwa kila 1,000. Mdogo anabanwa mara 20 kuliko mkubwa. Ukishavuka mauzo ya milioni 500 faini haipandi tena hata uwe na nusu ya simu za nchi kwenye kompyuta zako. Septemba 2023 ofisi ya kamishna ilitangaza faini ya 4,550,000 kwa shule moja iliyoweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi, na 1,850,000 kwa klabu moja ya Nairobi iliyoposti picha ya mteja, na sisemi hawakustahili, ila shule imeshakaribia dari lilelile ambalo kampuni ya mabilioni haiwezi kulipita hata ikimwaga taarifa za watu milioni. Kwa kampuni kubwa hiyo milioni 5 haifikii hata bei ya gari la mkurugenzi mkuu, inaingizwa kwenye "gharama nyinginezo" na mhasibu hahitaji hata kuita kikao.

Kwa hiyo wanaosema "adhibuni kampuni, mwacheni mkurugenzi" wanasema tumuadhibu kwa senti 50. Kama faini haiumi, kitu kilichobaki ni jina la mtu. Mkurugenzi anaogopa vitu viwili, kuulizwa mahakamani "ulifanya nini ulipoambiwa" na kukosa bodi nyingine, na vyote viwili havina dari.

Tena kuna sehemu wakurugenzi wameshazoea na hawajafa. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo Agosti 2017 unaoiwekea bodi ya benki jukumu la usalama wa mitandao wazi kabisa, na tukio kubwa likitokea benki iripoti ndani ya saa 24. Mabenki hayajakosa watu wa kukaa kwenye bodi, foleni bado ni ndefu.

Turudi kwenye hoja ya kuficha, maana ndiyo iliyobaki inanisumbua. Kisa kinachotajwa kila mara ni cha Uber. Mwaka 2016 walidukuliwa, taarifa za watu milioni 57 wakiwemo madereva, waliofanya hivyo wakalipwa dola 100,000 kwa bitcoin na wakasainishwa karatasi ya kunyamaza. Joe Sullivan, mkuu wa usalama pale, akatiwa hatiani Oktoba 2022, na Mei 2023 akapewa kifungo cha nje cha miaka 3 na faini ya dola 50,000. Watu wakasema mmeona, sasa nani atakubali kazi ya usalama. Lakini jamani, Sullivan hakuhukumiwa kwa sababu Uber ilidukuliwa, alihukumiwa kwa kuficha. Kwa hiyo kisa hiki hiki kinachotumiwa kuonyesha kwamba adhabu inaleta kuficha, mimi nakisoma kinyume, kuficha ndiko kulikoleta adhabu. Na kuna kitu kingine hapo hakisemwi, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wakati ule hakushtakiwa. Ni yaleyale ya Mombasa, ukubwa tu umetofautiana, mtu wa mitambo ndiye anayebeba mzigo.

Sheria ya Kenya inakupa saa 72 kumjulisha kamishna tangu ulipojua kwamba data imeibiwa na watu wanaweza kudhurika. Saa 72 ni kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu jioni. Nani kwenye kampuni ana uwezo wa kuamua Jumamosi asubuhi kwamba tunasema? Si kijana wa IT, yeye hata kupiga simu kwa wakili anahitaji ruhusa. Kwa hiyo saa zinaanza kuhesabu kwa mtu wa chini na uamuzi uko kwa mtu wa juu ambaye yuko Malindi na familia amezima simu, na hapo ndipo hata kampuni zisizo na nia ya kuficha zinajikuta zimeficha.

Kwa wale wa duka la Kongowea nakubali, na mahakama yenye akili itakubali pia, maana kile kipimo cha mtu mwenye bidii kinaangalia anaendesha biashara gani. Kwao bidii ni paswedi isiyo jina la mtoto na ile namba ya kuingilia inayoletwa kwa simu iwashwe, basi. Na vifungo virefu kwenye hizi sheria zetu, miaka 10 Kenya kwa makosa ya jumla ya sheria ya data, sivipendi, jela iachiwe mwenye kuficha na mwenye kuuza data. Ila mkurugenzi wa kampuni kubwa anayesema "mimi si mtu wa IT" ananichekesha, kwani ni mtu wa mahesabu? Na bado anasaini hesabu kila mwaka, kwa sababu anauliza maswali mpaka aelewe, au angalau mpaka wakaguzi waone ameuliza.

Na wakaguzi wanaona wapi? Kwenye kumbukumbu za kikao. Za kile kikao ninazo kopi, paa la godauni lina nusu ukurasa, nani aliuliza bei ya mabati, nani alisema fundi abadilishwe. Ajenda namba 10 ina mstari mmoja: "Ripoti ya IT ilipokelewa."

Mwaka jana niliitwa tena palepale. Ripoti ya IT imepanda mpaka namba 2, kuna kijana mpya, na uthibitisho umewashwa kwa kila mtu kuanzia mzee mwenyewe. Katikati ya kikao mzee akafungua laptopu atuonyeshe imeli fulani ya bandari, simu ikalia, akavaa miwani, akaisoma ile namba kwa sauti, tarakimu zote sita, mbele ya watu wanane na mama wa chai.