Jogoo Aliyepanda Meli Kwenda Santorini

Anafi ni kisiwa cha Ugiriki chenye wakazi takriban 300, na meli ya kwenda kisiwa jirani cha Santorini hupita hapo mara chache kwa wiki, aghalabu katika saa ambazo mtu mwenye akili zake huwa amelala. Ndiyo maana mimi na shangazi yangu, aliyekuwa amenitembelea kutoka Tanga, tulijikuta usiku wa manane kwenye gati la Agios Nikolaos tukipigwa na meltemi, ule upepo wa kiangazi uvumao kutoka kaskazini, ambao shangazi alishikilia kuuita kaskazi ingawa ulikuwa mwezi wa Agosti.

Bibi mwenye nyumba tuliyopanga aliteremka kutoka kijijini kuja kutuaga, akiwa na boksi la kadibodi lililofungwa kamba na kutobolewa matundu ubavuni. Kwa Kigiriki changu cha kuungaunga nilielewa kwamba ni la mpwa wake wa Santorini, kwamba angelipokea bandarini, na kwamba lisipinduliwe. Nilipouliza mpwa huyo nitamjuaje, bibi alimtazama shangazi, akaitazama kanga yake nyekundu, kisha akasema, "Mwanangu, yeye ndiye atakayewajua ninyi." Habari ya matundu sikuipatia nafasi, kwa sababu meli ilikwisha kugeuza tezi na kuteremsha mlango wake wa chuma, na meli za huko hazibembelezi abiria.

Ndani, shangazi aliliweka boksi chini ya kiti, akaligonga kidogo, akasikiliza, na kutamka kwa yakini ya mtu aliyefuga kuku tangu utotoni, "Humu mna jogoo." Nilipoanza kuhangaika alinituliza. "Baba, usiwe na wasiwasi. Jogoo wa shamba hawiki mjini, seuze baharini."

Waliotunga methali hiyo hawakuzingatia taa za meli. Abiria walikuwa wamelala hadi sakafuni, wengine ndani ya mifuko ya kulalia na wengine juu ya taulo za kuogea, lakini taa nyeupe za ukumbi ziliwaka zote kama mchana, na mwanga wake ukapenya kwenye matundu. Jogoo akaona kumekucha, akawika. Mzee mmoja aliamka akipiga ishara ya msalaba. Vijana walidhani ni mlio wa simu, kila mmoja akapapasa yake ili aizime. Familia moja iliinuka yote, ikabeba masanduku na kuelekea kwenye ngazi ikiamini tumefika, ilhali nje hapakuonekana hata taa moja. Jogoo, alipoona watu wanaitika, akaongeza bidii.

Alikuja baharia mwenye redio ya mkononi, akalitazama boksi, akamtazama shangazi, akalichukua boksi bila neno na kwenda kulipanga chini kwenye magari, katika rafu ya mizigo iliyoandikwa Santorini. Utaratibu ulikuwa safi kabisa, isipokuwa sakafu ya huko ilikuwa imelowa maji ya chumvi, boksi liliwekwa rafu ya chini kabisa, na kadibodi na maji havijawahi kupatana.

Kipaza sauti kilipotuita, tuliteremka na kubanana na mamia ya watu kati ya malori na pikipiki. Boksi lilikuwa limebaki pande nne zisizo na kitako. Mlango wa nyuma ukaanza kushuka, tukaiona bandari ya Athinios iliyobanwa chini ya jabali refu, gati likiwa limejaa mabasi, teksi na wapiga debe wa vyumba wenye mabango ya majina ya hoteli; na kabla baharia hajapuliza filimbi ya kuturuhusu, jogoo akatoka mbele yetu sote kwa hatua za taratibu, akasimama katikati ya mlango na kuwika. Safari hii kulikuwa kumekucha kweli. Pikipiki zikapiga honi, baharia akapiga kelele, na mpiga debe mmoja, kwa mazoea, akamwinulia bango.

Shangazi hakunisubiri. Alivua kanga ya mabegani, akapenya katikati ya masanduku, akamfunika jogoo kwa mrusho mmoja na kumkumbatia. Papo hapo akatokea kijana mbio mbio, akatutambua bila kuuliza, akampokea jogoo pamoja na kanga yake, akambusu shangazi mashavu yote mawili, akatia furushi katika kreti la pikipiki na kuondoka.

"Kanga yangu!" shangazi alipaza sauti. Barabara ya Athinios hupanda jabali kwa kona kali, na tuliiona kanga ikipepea katika kila kona, tukimsikia na mwenye kuivaa.

Ndani ya basi shangazi alikaa akiikunjua na kuikunja ile iliyobaki. "Hii ilikuwa doti, baba," alisema hatimaye. "Mpigie bibi yako yule simu, mwambie jogoo kafika salama, na kwamba namdai kipande cha juu."