Vikapu kumi na viwili, na chupa yangu iliyotemwa na mashine

Jumamosi nimepeleka chupa za plastiki supamaketi hapa Köln, mlioko Ujerumani mnaijua ile mashine, unaingiza chupa inakupa risiti, senti 25 za yuro kila chupa, hela ambayo ulishalipishwa siku unanunua. Sasa moja nilishaiminya, mazoea ya nyumbani, mashine ikaitema. Nikaingiza tena, ikatema. Nyuma yangu bibi mmoja ana mfuko wa chupa mkubwa kuliko wangu ananiangalia tu. Nikaondoka nimenuna, njiani ndo nikaanza kuwaza viwanja vya Jangwani kule Dar.

Mkutano wa injili ukiisha pale Jangwani mnajua kunavyobaki. Watu wameokoka, wagonjwa wameombewa, kwaya imefunga, na uwanja mzima ni chupa za maji. Wanaookota ni wale vijana wa makopo wanaouza kwa kilo, wala hawakufuata neno. Zinazobaki mvua ya kwanza inazisomba hadi Mto Msimbazi, barabara inafungwa, na sisi haohao tunatangaza maombi ya kufunga kwa ajili ya mafuriko. Mi nilikuwa mhudumu miaka sita na sijawahi kushika kiroba, kwahiyo sijitoi.

Mikate mitano na samaki wawili tunaihubiri kila siku, tena wakati wa sadaka ndo usiseme, ila Yohana 6 mstari wa 12 tunauruka. Watu wameshashiba, Yesu anawaambia wanafunzi vikusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee kitu chochote, vikajaa vikapu kumi na viwili. Yaani mitume wameokota makombo, mhudumu wetu na suti yake hawezi!

Najua mtasema kaenda Ulaya juzi tu anatufundisha, na makanisa ya huko ni matupu. Ni kweli ni matupu, ninaposali tukifika thelathini tunaona tumejaa. Wala sisifii wazungu, kanisa kubwa la kijiji cha Immerath, si mbali na hapa, walilivunja Januari 2018 ili wachimbe makaa ya mawe, kanisa jamani. Na mifuko ya rambo sisi tuliipiga marufuku Juni 2019, wao wamekuja kustuka Januari 2022. Kwetu wapo wanaoelewa, Askofu Shoo wa KKKT, Walutheri, kule Kilimanjaro kahimiza upandaji miti hadi akaitwa askofu wa miti. Na yule bibi wa kwenye mashine nadhani haokoti kwa ajili ya Mwanzo 2:15, ile ya mtu kuwekwa bustanini ailime na kuitunza, pensheni haimtoshi. Ndo kinachoniuma sasa, hawa mpaka walipwe senti 25 ndo wainame, sisi tuna amri ya Bwana mwenyewe na hatuinami.

Msiniambie umaskini, kwani wale elfu tano walikuwa matajiri? Msiniambie ni kazi ya halmashauri. Na kuna yule wa dunia yote itaungua siku ya mwisho, sawa mpendwa, na wewe utakufa, mbona asubuhi unaoga?

Jana nikaandika kwenye grupu la wahudumu kwamba mkutano ujao viroba mia nanunua mimi, tugawane zamu. Tiki za bluu kibao. Akajibu mmoja tu: "Amina mtumishi, na ile projekta ya kwaya unatuletea lini?"